"Bakteria wa Baharini Waua Saratani": Tuisome Upya Sentensi Hii

Kama wewe ni mpenzi wa habari za sayansi, lazima umeshakutana na kichwa cha habari cha namna hii: bakteria adimu wa baharini waua seli za saratani. Mimi nimeshakiandika. Mwaka jana kwenye maonyesho ya wanafunzi bango langu lilisema hivyohivyo, herufi kubwa, rangi ya bluu. Mtu akalipiga picha, picha ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mama mmoja nisiyemjua.

Nikamwamkia, akaitikia, halafu akauliza: "Mwanangu, hiyo dawa yenu ya baharini inapatikana wapi? Nimepangiwa mionzi mwezi ujao, nilikuwa nafikiria nisubiri kwanza hii."

Nikamwambia, "Mama, usisubiri. Hakuna dawa. Nilichonacho ni kichupa kimoja kwenye friji."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona mmeandika?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa. Hebu tuichukue ile sentensi tuikosoe neno kwa neno, tukianza na bango langu mwenyewe.

Neno la kwanza: "adimu"

Kwenye makala za fani hii, "bakteria adimu" mara nyingi ni jina la kikundi: aktinobakteria ambao si wa jenasi ya Streptomyces. Streptomyces ndio waliotulisha kwa miongo mingi. Aktinomaisini ilitengwa mwaka 1940 kwenye maabara ya Selman Waksman, kutoka kwa bakteria wa udongo. Bleomaisini ikapatikana Japani miaka ya 1960 kwenye maabara ya Hamao Umezawa. Hizi si hadithi za makumbusho. Ukiingia wodi ya saratani hapa kwetu leo, aktinomaisini inatumika kutibu uvimbe wa figo wa watoto, na bleomaisini imetumika sana kwa saratani ya Kaposi.

Tatizo ni kwamba udongo ulichimbwa mpaka watafiti wakawa wanaokota kilekile kila siku. Ndipo watu wakageukia bahari. Lakini swali langu ni hili: adimu kwa nani?

Tazama kisa cha Salinispora. Paul Jensen na William Fenical wa Taasisi ya Scripps, California, walichota tope la chini ya bahari huko Bahamas, na mwaka 1991 wakachapisha habari za aktinobakteria wanaohitaji chumvi ya bahari ili wakue. Baadaye bakteria hao wakapatikana kwenye tope la bahari za joto sehemu nyingi za dunia. Kumbe hawakuwa adimu hata kidogo! Walikuwepo siku zote. Sisi ndio tuliokuwa tukiwapikia chakula kisicho na chumvi, halafu tukashangaa mbona hawaji mezani.

Sasa rudi kwenye bango langu. Nilichota tope la mikoko, nikatumia chakula kilekile cha maabara ambacho kila mtu hutumia, nikasubiri siku saba, nikachukua makundi yaliyokua haraka. Unadhani nilipata nini? Streptomyces na Bacillus. Neno "adimu" niliandika kwa sababu linapendeza. Anayewataka kweli wale wasioonekana hana budi abadilishe njia: maji ya bahari yenyewe, chakula kidogo badala ya kingi, kulipasha tope joto kwanza ili wale wenye pupa wafe, na subira ya wiki nyingi. Wiki nyingi ni ngumu kwa mwanafunzi ambaye ada yake inaisha Juni, naelewa. Lakini hapo tuwe wakweli tuseme tulifanya kilichowezekana, tusiseme tumepata adimu.

Neno la pili: "waua"

Hapa ndipo penye mzigo. Kipimo ambacho wengi wetu tunatumia kinaitwa MTT. Unaweka seli kwenye vishimo vidogo, unazimwagia ulichokamua kutoka kwa bakteria, kisha unatia rangi ya njano. Seli hai huigeuza kuwa zambarau. Zambarau ikipungua, unasema seli zimekufa au zimepunguza kazi. Ni kipimo rahisi na cha maana, sikidharau.

Ila fikiria: ukimwaga jiki kwenye vishimo hivyo, seli za saratani zitakufa zote. Siki itaziua, chumvi nyingi itaziua. Kuua seli kwenye sahani si kazi. Kazi ni kuziua kwa dozi ndogo na kuziacha salama seli zenye afya.

Kwa hiyo unaposoma utafiti wa namna hii, uliza kiasi gani kilihitajika kupunguza seli kwa nusu. Kigezo kinachotajwa sana, chenye asili yake Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kinataka mchanganyiko ghafi ufanye kazi kwa takriban mikrogramu 20 kwa mililita au chini ya hapo, na kemikali safi kwa takriban mikrogramu 4. Matokeo yangu yalikuwa juu ya hapo, tena mbali. Linganisha na salinosporamaidi A, kemikali iliyotoka kwa Salinispora tropica na kuchapishwa mwaka 2003: ilipunguza seli za saratani ya utumbo mpana kwa nusu kwa nanogramu 11 kwa mililita. Nanogramu, si mikrogramu. Kila mikrogramu moja ina nanogramu 1,000. Hapo ndipo mtu ana haki ya kusimama kwenye kiti.

Swali la pili: seli zenye afya zilipimwa? Zangu hazikupimwa. Hela ilitosha kununua aina moja tu ya seli, nikanunua HeLa. Bila kulinganisha, sikuwa na njia ya kujua kama nimeshika dawa au nimeshika sumu ya kawaida.

Swali la tatu ni hili ambalo huwa tunalikwepa: una uhakika kilichoua si kitu kinachojulikana? Staurosporini, kwa mfano, iligunduliwa mwaka 1977 kutoka kwa bakteria, na inaua karibu kila seli unayoipa. Ukiikuta kwenye tope lako, hujagundua kitu. Ndiyo maana kabla ya kushangilia, maabara makini hupima uzito wa molekuli na kuulinganisha na hazina za kumbukumbu. Tasnifu nyingi ninazosoma, yangu ikiwemo, zinaishia kwenye rangi ya zambarau.

Neno la tatu: "saratani"

HeLa ni seli zilizotoka kwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyeugua saratani ya mlango wa kizazi na kufariki mwaka 1951. Zilichukuliwa bila yeye kuulizwa. Tangu hapo zimekuwa zikigawanyika kwenye maabara za dunia nzima. Ni seli. Hazina damu, hazina ini la kuchuja dawa, hazina mtu anayetapika usiku baada ya dozi. Anayesema "saratani" wakati anamaanisha HeLa ameruka mito kadhaa kwa sentensi moja.

Mito yenyewe ni mirefu kiasi gani? Tuirudie salinosporamaidi A, kwa sababu yenyewe ilifanyiwa kila kitu sawasawa. Ilijulikana inavyofanya kazi: inaziba proteasomu, ile mashine inayosaga protini chakavu ndani ya seli. Takataka zikijaa, seli inakufa. Njia hiyo tayari ilikuwa imethibitika, maana bortezomibi, dawa nyingine inayoziba proteasomu, ilikubaliwa Marekani mwaka huohuo wa 2003 kwa saratani ya mailoma. Kufikia 2006 kemikali ya Salinispora, ikipewa jina la marizomibi, ilikuwa inajaribiwa kwa wagonjwa. Miaka mitatu tu! Na kwa kuwa inaweza kupenya hadi kwenye ubongo, matumaini yakahamia kwenye glioblastoma, uvimbe mbaya wa ubongo ambao dawa nyingi hazifiki.

Likafanyika jaribio la awamu ya tatu, wagonjwa 749. Nusu walipata tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa marizomibi. Matokeo yalichapishwa 2024. Waliopata tiba ya kawaida waliishi kwa wastani wa kati miezi 17. Walioongezewa marizomibi, miezi 16.5. Hakuna faida, na madhara yakazidi: kupepesuka, kuona vitu visivyokuwepo.

Soma tena aya hiyo polepole. Kemikali yenye nguvu kuliko karibu kila kitu tunachokikamua sisi, inayoeleweka, iliyopewa pesa na wataalamu, imefika mwisho wa njia na haikumwongezea mgonjwa wa glioblastoma hata wiki. Sasa mimi na kichupa changu kwenye friji tulipata wapi ujasiri wa kuandika "waua saratani"?

Je, tuache kutafuta?

Hapana. Nisieleweke vibaya, maana najua kuna wenzangu watasema nimewavunja moyo. Bahari imeshatoa dawa za kweli. Sitarabini, inayotibu saratani ya damu, ilitokana na kemikali za sifongo wa Karibi. Trabektedini ilipatikana kwa mnyama wa baharini aliyejishikiza kwenye mizizi na miamba, na baadaye ikaonekana kwamba anayeitengeneza ni bakteria anayeishi ndani yake. Hata Salinispora haikutuacha mikono mitupu. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2007 ilionyesha mafungu 17 ya jeni za kutengeneza kemikali, mengi yakiwa hayajulikani yanatengeneza nini. Na mwaka 2011 ikaeleweka kwa nini bakteria huyo hafi kwa sumu yake mwenyewe: ana kipande cha akiba cha proteasomu kilichobadilika kidogo, na badiliko hilo linafanana na lile lililoonekana kwenye seli za saratani zilizokuwa sugu kwa bortezomibi. Yaani bakteria wa tope alitangulia kutuonyesha jinsi dawa inavyoshindwa.

Hiyo ni sayansi yenye heshima, na haihitaji kuongezewa chumvi.

Ninachokikosoa ni ile hatua ya kutoka kwenye zambarau iliyofifia hadi kwenye bango. Wasimamizi wanaipenda, wafadhili wanaipenda, na sisi wanafunzi tunaipenda kuliko wote kwa sababu inatufanya tuonekane. Anayeilipia ni mtu mwenye karatasi ya miadi mkononi.

Yule mama alianza mionzi yake tarehe ileile aliyopangiwa. Alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Nimeanza leo."

Bango nimelichapisha upya. Sasa linasema: "Mchanganyiko ghafi kutoka kwa bakteria wa tope la mikoko wapunguza seli za HeLa kwa dozi kubwa, seli zenye afya bado hazijapimwa." Mwaka huu hakuna aliyelipiga picha.