Nyumba Juu ya Springi

Ukimtazama fundi wa kupakia gari la safari akiwa kazini, utadhani anawachelewesha watu makusudi. Vitu vyote viko chini uani, juu ya turubai: madumu ya maji, mtungi wa gesi, sufuria zinazoingiana, jeki, sepeto, kamba, magodoro, sanduku la jikoni. Yeye anavizunguka tu, mikono nyuma, hagusi kitu. Mzee ninayemsema ni wa Arusha, dereva mstaafu wa safari za kambi. Siku hizi huitwa na wenye magari ya kukodisha, yale yenye hema juu ya paa, ayaandae kabla wageni hawajakabidhiwa funguo. Vijana wa gereji humwita Babu, kwa heshima iliyochanganyika na mzaha kidogo. Wakimhimiza kwamba wageni wameshatua uwanja wa ndege wa KIA, huwajibu bila kugeuka: gari hupakiwa kwa macho kwanza, mikono baadaye.

Mikono ikianza, huanza na maji, maana maji ni mzigo usiobembelezeka. Lita moja ni kilo moja. Madumu matatu ya lita 20 ni abiria mzima asiyeshuka kusukuma mkikwama. Kwa hiyo hukaa chini kabisa, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yamefungwa mkanda yasicheze. Juu ya paa Babu hapendi kitu zaidi ya hema lenyewe na vitu vyepesi. Nimemwona akishusha tairi la pili la akiba na dumu la dizeli ambavyo kijana mmoja alikuwa amevipandisha kwa fahari. Hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Mjukuu wangu, kona za Ngorongoro utazikata na nani?"

Baada ya vizito hufuata mpangilio wa saa. Kitakachotakiwa kwanza jioni ndicho kinachoingia mwisho asubuhi: kurunzi, kibiriti, birika, majani ya chai. Sanduku la spana na la huduma ya kwanza hayafunikwi na chochote, kwa kuwa shida haisubiri mtu ahamishe magodoro. Mayai huyalaza ndani ya unga. Chupa ya mafuta ya kupikia huvishwa soksi kuukuu. Kati ya kopo na kopo huweka kitambaa, maana makopo mawili ya bati yakigusana kwenye barabara mbovu husuguana hadi moja likatoboka, na mchuzi wa nyanya ukaogesha blanketi.

Halafu huja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Gari likishajaa, Babu hupanda na kuketi nyuma, akafumba macho na kuagiza vijana walitikise. Wanashika kwenye bampa, wanalisukasuka huku na huku, wakicheka. Yeye hacheki. Anasikiliza. Kijiko kinachogonga sahani anakisikia. Mlango wa kabati ambao kitasa chake kimelegea kidogo anausikia. Hunyoosha mkono, hupachika kitambaa, hugeuza sufuria, huagiza tena watikise. Huendelea hivyo hadi gari linanesa kimya. Anayeona mchezo huo ni wa uzee hajapita barabara ya vumbi kati ya geti la Naabi na Seronera, huko Serengeti, ambako mawimbi ya njia hulitetemesha gari bila kulipumzisha, nati zikalegea na chumvi ikajimwaga. Kinacholia leo uani, husema Babu, kesho kutwa kitakuwa kimekatika.

Mwisho huinama kwenye matairi. Haridhiki na kuona meno mazuri. Hutafuta ubavuni zile tarakimu nne za tarehe, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umesimama kivulini. Kisha humwonyesha mgeni namna ya kupunguza upepo kidogo akiingia njia ya mawimbi, na kumsihi aurudishe akifika kwenye lami.

Ufundi huu una umri mrefu kuliko injini. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi walitembea hadi Bagamoyo na mzigo wa kilo 30 hivi, nyuma ya kirangozi, kiongozi wa msafara, na mzigo uliofungwa vibaya ulimtesa mwenye bega siku nzima. Walijua kuugawa uzito, kuuzuia usicheze, kuutua na kuutwaa tena bila kuufungua. Magari yalikuja baadaye. Mwaka 1959, mwaka uleule Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti, Mmarekani Wally Byam aliongoza kutoka Cape Town kuelekea Cairo msafara wa nyumba 41 za magurudumu za Airstream, za alumini inayong'aa, zikikokotwa na magari. Nyumba zile zilikuwa na vitanda na majiko. Lakini jiko halimpangii mtu mahali pa kulala, wala kitanda hakimwambii mwenyewe kwamba mto umejaa. Hayo yalitaka watu wenye macho, kama yalivyotaka kwa wapagazi.

Maana kupakia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa. Babu alipokuwa njiani hakungoja jua lizame ndipo atafute kambi. Kwetu giza huanguka haraka, na mahali pabaya hufanana na pazuri usiku. Saa kumi jioni alikuwa ameshashuka, anakagua ardhi kwa miguu. Hakulala ndani ya korongo hata kama mchanga wake ulikuwa mkavu, kwa sababu mvua hunyesha milimani usiyoiona na maji yakakukuta usingizini. Hakuegesha kwenye udongo mweusi wingu likiwa limetanda, maana asubuhi gari lingekuwa mateka. Hakukaa chini ya tawi lililokauka, wala kwenye njia iliyokanyagwa kutoka mtoni, kwa kuwa kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hapendi kukuta nyumba njiani kwake. Pua ya gari aliielekeza kwenye njia ya kutokea. Sahani ya maji juu ya sakafu ilimwonyesha upande ulioinama, akapitisha ubao chini ya gurudumu, na waliolala hawakuporomokeana usiku kucha.

Baridi ilikuwa na kanuni zake. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 2,200, na usiku wake humshangaza anayedhani Afrika yote ni joto. Hapo ndipo wapumbavu huingiza jiko la mkaa ndani ya gari na kufunga vioo. Gesi ya mkaa inayoua haina rangi wala harufu. Mtu hulala akiwa na joto na asiamke. Babu alifungua dirisha kidogo pande mbili, akaweka wavu wa mbu, akagawa blanketi. Pumzi za watu wawili, alisema, zikikosa pa kutokea hugeuka maji kwenye paa na kuwanyeshea wenyewe. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharage hukaa jikoni hadi watu wakate tamaa. Yeye alikuwa ameyaloweka alfajiri ndani ya dumu la mdomo mpana, yakasafiri naye mchana kutwa, yakafika kambini yamelainika. Ndani ya ndoo yenye mfuniko, maji na sabuni, mashati yalifuliwa na barabara yenyewe.

Na hesabu ya maji, hiyo ndiyo shule kuu. Sahani zilifutwa kwanza kwa karatasi ndipo zikaoshwa. Maji ya kusuuzia yaliosha masufuria, na yaliyochafuka kabisa yalimwagwa mbali na mto. Palipokuwa na choo walikitumia. Pasipokuwa na choo walichimba shimo la kutosha, mbali na maji, wakafukia. Taka zilirudi mjini na gari lililozileta. Anayeishi ndani ya gari hana pa kujificha: kila tone alilipakia mwenyewe, na kila uchafu atauona ukitoka. Nyumbani tunafungua bomba na kuzibua sinki tukidhani maji huzaliwa ukutani na kufia kwenye bomba la chini.

Pengine ndiyo maana tunautupa ufundi huu kirahisi. Unatudai. Siku hizi biashara ya magari yenye hema imesambaa Nairobi, Arusha, Entebbe na Kigali, na ni jambo jema mtu kujiendesha mwenyewe na kulala anapopapenda. Magari ni mazuri kuliko yale ya Babu: yana friji, taa za jua, ramani kwenye simu. Lakini mara nyingi mtu hupewa funguo, huonyeshwa hema linavyofunguka, husaini, huondoka. Jioni unamkuta Seronera ameacha mkate mezani nje ya jiko la wavu lililojengwa kwa ajili hiyohiyo, nyani wamemzunguka, naye anarekodi video. Unamkuta ameacha bomba la kambi likitiririka huku tembo wa Kambi ya Simba wakija kunywa kwenye tangi lilelile wanalolitegemea watu.

Wala tusiwasukumie wageni lawama zote. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Babu hakuhitaji sheria, kwa kuwa alipakia kwa kapu la ukindu na mfuko wa nguo tangu ujana wake. Sisi wenyeji ndio tuliohitaji kutishiwa faini ili turudi kwenye kapu la bibi zetu. Sisi ndio tunaojaza gari la Krismasi kwenda kijijini hadi paa linapinda, mtungi wa gesi ukiwa miguuni mwa watoto, matairi hayajasomwa mwaka, kisha tunamwachia Mungu kazi ya fundi.

Babu hana mwanafunzi. Vijana wa gereji wanajua kompyuta ya injini kuliko atakavyoijua yeye, na wanalitikisa gari akiwaagiza, lakini sijamwona hata mmoja akiketi nyuma na kufumba macho. Wenye magari humlipa kwa siku, kama mpakiaji wa mizigo. Hawajawahi kumlipa afundishe.

Kwa hiyo neno langu ni kwao. Mikataba yenu ina kurasa za bima, mikwaruzo na faini. Ongezeni asubuhi moja ambayo mgeni hatapewa funguo mpaka apakue gari zima na kulipakia tena mbele ya mtu anayejua. Na huyo anayejua mpeni kijana wa kukaa naye msimu mzima, kwa mshahara, sasa hivi, angali ana nguvu za kupanda garini. Gari mnaweza kuagiza jingine Japani. Sikio la Babu haliuzwi popote.