Kiangazi cha Dakika 32

Albamu ninayoipenda kuliko zote wakati wa joto ilitoka New York tarehe 4 Novemba 1977, siku ambazo watu wa huko wameshatoa makoti kabatini. Inaitwa Rocket to Russia, ni ya tatu ya Ramones, ina nyimbo 14 na haifiki dakika 32. Muziki wa ufukweni unaotoka Novemba ni biashara mbaya. Lakini mimi naisikilizia Tanga, ambako Novemba joto ndiyo kwanza linapanda, kwa hiyo sina malalamiko.

Ukisema panki, wengi wetu tunawaza kichwa kilichonyolewa pembeni kikaachwa mstari katikati. Ramones hawakuwa hivyo. Walikuwa vijana wanne waliofahamiana Forest Hills, eneo la Queens, nywele zimewafunika macho, jaketi za ngozi hata jua liwake vipi. Wote walijiita Ramone ingawa hawakuwa ndugu.

Kwa sikio lililokuzwa na muziki wa dansi, bendi hii inashangaza. Sisi tumezoea wimbo uanze taratibu, ubembeleze, kisha gitaa la solo lipokee na sebene lifunguke. Ramones wanaanzia kwenye sebene. Mkono wa Johnny unashuka kwenye nyuzi, chini, chini, chini, bila kupumzika, na kabla hujapata jasho la kufuta wimbo umekwisha. Juu ya kelele hiyo Joey anaimba kama mtu anayebembeleza. Hapo ndipo utamu ulipo: fujo iko kwenye magitaa, sauti ni ya mapenzi.

Wimbo wa pili, Rockaway Beach, uliandikwa na Dee Dee, mpiga besi. Marekani ulishika namba 66, na hakuna wimbo wao mwingine uliowahi kupanda zaidi ya hapo kwenye chati ya huko. Nyimbo za ufukweni za California, za akina Beach Boys, zilijaa magari, mbao za kutelezea mawimbini na muda usio na mwisho. Rockaway iko pembezoni mwa Queens, na unafika kwa treni au basi. Kijana wa wimbo huu hana gari. Ana joto la lami, kelele za mtaani na nauli. Ndiyo maana naamini furaha yake kuliko ya wale wenye magari: ameitafuta, na jioni atarudi palepale alipotoka.

Kumbuka ni kiangazi gani hicho. Albamu ilirekodiwa mwaka uleule wa 1977. Usiku wa 13 Julai umeme ulikatika karibu New York nzima, ukafuata uporaji na moto. Muuaji aliyekuwa akiwapiga risasi vijana ndani ya magari yao usiku alikamatwa Agosti. Jiji lilikuwa limenusurika kufilisika miaka miwili nyuma. Hakuna wimbo hata mmoja hapa unaotaja hayo, na wapo watakaosema huko ni kukwepa. Mimi naisikia haraka ile kama haraka ya mtu anayetaka kuogelea kabla hawajafunga.

Hata Sheena Is a Punk Rocker, wimbo wenye jua kuliko yote, una binti anayekataa. Wenzake wanabeba mbao zao kwenda disko, yeye anafunga safari kwenda New York. Upande wa pili kuna Surfin' Bird, ambao kwanza ulirekodiwa na The Trashmen, bendi ya Minneapolis, mji ambao hauna bahari hata ya kusingizia. Kiangazi cha albamu hii ni cha watu waliokisikia redioni kwanza.

Si kila kitu kinanipendeza. Locket Love siutetei. Na ile mizaha ya vichaa na dawa, kama Teenage Lobotomy, inanichekesha kwa uzito, maana Joey mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili ujanani. Sijui mwingine aliyeweza kuimba hayo bila kuomba huruma.

Tommy, mpiga ngoma, aliacha kupiga mwaka 1978, na hii ikawa albamu ya mwisho ya studio ya wale wanne wa mwanzo. Inafungwa na Why Is It Always This Way?, wimbo wa binti aliyepunga mkono kuaga na sasa ni maiti. Melodi yake ni tamu kupindukia. Mdogo wangu, ambaye Kiingereza chake kinamtosha kabisa kuelewa kinachosemwa, huiimba akiosha vyombo.