Ufundi wa Kulisubiri Jua

Magharibi mwa Ziwa Turkana, huko Kalokol nchini Kenya, zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya basalti. Mahali hapo panaitwa Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwenye nyota ambazo Waborana hupangia miezi yao, Kilimia kikiwemo. Mwaka 1982 Robert Soper alirudia vipimo, akabaini kwamba basalti yenyewe ina sumaku, nayo huipotosha sindano ya dira. Mjadala haukuishia hapo. Mimi namheshimu sana mtu anayerudi kupima jiwe ambalo wengine wameshalitangaza, maana kazi yote ya kutazama anga imejengwa juu ya kurudia huko.

Dodoma hatuna nguzo za namna hiyo. Mawe ya Kolo, wilayani Kondoa, yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 kwa ajili ya michoro yake, na wala hakuna aliyeyasimika kulielekea jua. Lakini nyanda zetu zina vilima vya mawe vilivyotawanyika na upeo ulio wazi, na fundi wa jua, yaani anayeweka alama mahali linapochomoza, hahitaji zaidi ya hapo.

Sharti lake la kwanza ni kusimama palepale kila asubuhi. Kilima kikiwa kilomita moja mbele yako, ukisogea pembeni mita tisa tu, jua litaonekana limehama upana wake mzima. Ndiyo maana anayejua kazi huchimbia jiwe la kukanyagia kabla hajaanza kuweka alama yoyote.

Mwezi Machi na Septemba kazi ni nyepesi, kwa kuwa mahali jua linapochomoza husogea kila siku karibu robo tatu ya upana wa jua lenyewe. Ugumu huja Juni na Desemba. Jua linapokaribia kugeuka hupunguza mwendo, na kwa wiki nzima husogea chini ya nusu ya upana wake, hata jicho zuri likashindwa kuitaja siku yenyewe. Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu: fundi haikimbilii siku ile, anaizunguka. Huweka alama tarehe 6 Juni, kisha huliacha jua liende kaskazini, ligeuke, lirudi kwenye alama ileile karibu na tarehe 6 Julai. Akizigawa siku hizo nusu kwa nusu, anaipata 21 Juni bila kuiona.

Mwezi wa angani nao unadai uvumilivu wa umri mzima. Jua la Dodoma halichomozi zaidi ya nyuzi 24 hivi kaskazini au kusini mwa mashariki. Mwezi huweza kulipita kwa nyuzi tano, yaani upana wa vidole vitatu ukinyoosha mkono, lakini hufika huko kila baada ya miaka 18 na miezi kadhaa. Ulifika mwaka 2024 na 2025. Aliyeukosa atasubiri hadi miaka ya 2040, na anayetaka kuuthibitisha mara mbili hana budi kumwachia mwanawe alama zake.

Lipo jambo jingine ambalo London na Cairo hawatalipata kamwe. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu ya utosi wa Dodoma: tarehe 4 au 5 Machi, na karibu na 9 Oktoba. Mti ulionyooka, uliosimamishwa kwa timazi, hukosa kivuli kabisa. Halitokei saa sita kamili, kwa sababu saa zetu hufuata meridiani iliyo mashariki mwetu. Oktoba ni kama saa 6:25 mchana, Machi karibu saa 6:50. Kondoa, iliyo kaskazini zaidi, huipata siku yake ya Oktoba siku tatu hivi mapema. Tofauti hiyo ya siku tatu, iliyopimwa kwa mti na kivuli peke yake, ni kipimo cha mviringo wa dunia.

Mwalimu uliye Bahi, Kongwa, Chamwino au Kondoa, simika mti uwanjani pa shule kabla ya Oktoba, waite wanafunzi, na andikeni tarehe na saa kivuli kinapotoweka. Mwaka unaofuata rudieni.