Haydom, Amana ya Mbulu na Hanang

Katika nyanda za juu za Wilaya ya Mbulu, ambako mvua za masika hugeuza njia kuwa tope na mgonjwa wa mbali huletwa kwa pikipiki, imesimama tangu mwaka 1955 Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoasisiwa na wamisionari wa Norway na leo ikiwa chini ya Dayosisi ya Mbulu, isiyotafuta faida bali afya za waja. Barazani mwake hukaa Mwiraqw, Mdatoga aliyejitanda shuka, Mnyiramba na Mhadzabe, watu ambao lugha zao hazina nasaba moja, wakingoja zamu kwenye benchi lile lile. Wala haingoji kufuatwa: watumishi wake hutoka kwenda vijijini kuwapima wajawazito na kuwachanja watoto.

Wahisani wa ng'ambo wamefanya ihsani kubwa, lakini si insafu (nami nasema hivi bila ya haya) kuwatwika wao peke yao mzigo wa kuiendesha hospitali hii. Basi nawasihi wenyeji, hasa waliouza vizuri vitunguu saumu vya Bashay au ngano ya Basotu: mwenye shilingi atoe, mwenye gunia la mahindi alete, na mwenye siha njema akajitolee damu.