Jahazi la Kumpandisha Mgeni: Namna ya Kulikagua Kabla ya Kutweka Tanga

Desemba ikifika, nyumba nyingi za Kakamega hujaa wageni: shemeji kutoka Nairobi, rafiki aliyesoma nasi kisha maisha yakampeleka Ulaya, watoto wao ambao hawajawahi kuonja chumvi ya Bahari ya Hindi. Wakishatembezwa msituni na kupelekwa Ilesi kuona Jiwe la Kulia, huuliza habari za bahari na visiwa. Ziwa Victoria liko karibu, na visiwa linavyo, lakini maji yake ya kandokando yana ukungu, na kichocho kipo. Anayetaka kutia uso majini aone samaki hana budi kuvuka nchi nzima: basi hadi Nairobi, treni ya SGR hadi Mombasa, feri ya Likoni, kisha barabara ya kusini hadi Shimoni, mkabala na kisiwa cha Wasini na Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti.

Mwenyeji aliyewatoa watu mbali hivyo amebeba dhamana. Gati la Shimoni lina vyombo vingi, na kila mmoja atakuambia chake ndicho bora. Usichague chombo kikiwa kinaelea. Kikielea kinakuonyesha rangi, matakia na turubai la kivuli. Fika siku moja kabla, maji yakiwa yamepwa, ukikute kimeegemea mchangani, tumbo wazi. Mwenye chombo kizuri atafurahi kukuzungusha. Anayekuharakisha umlipe kwanza, mwache.

Simama nyuma, kwenye tezi, ufumbe jicho moja na kuufuata mkuku, mti wa uti wa mgongo wa chombo, kwa jicho la pili hadi omo, mbele. Uende mstari mmoja. Mkuku uliopinda ni dalili ya chombo kilichogonga mwamba au kilicholazwa vibaya miaka mingi, na hakuna rangi inayoufanya unyooke. Kisha gonga mbao kwa konzi, ubao hadi ubao, hasa pale maji yanapoishia na pale misumari ilipoingia. Aliyekulia miongoni mwa Waisukha na Waidakho ana sikio tayari kwa kazi hii, maana ngoma ya isukuti yenye ufa huijua kwa mlio kabla hajauona ufa wenyewe. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu, ya juu. Uliooza, au uliotobolewa na wadudu wa baharini, hujibu kwa sauti nzito inayofia ndani. Ukikuta mahali pa namna hiyo, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba; ukizama, shughuli imekwisha.

Baina ya ubao na ubao kuna kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa nyundo na patasi. Hapa ndipo fundi hujulikana. Kalafati njema inakaa ndani kidogo ya uso wa mbao, na upana wake ni uleule toka mwanzo wa mshono hadi mwisho. Ikiwa imevimba nje kama mdomo, au mshono umezibwa kwa lami nyingi na vipande vya plastiki, chombo kimetibiwa kwa haraka msimu unapoanza. Chini ya mstari wa maji mafundi wa zamani walipaka mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa kuwazuia wadudu. Siku hizi wengi hutumia rangi ya dukani. Chochote kilichopakwa, uliza kilipakwa lini. Mwenyewe anayekijali chombo chake hukumbuka.

Panda sasa, uangalie matumbo ya ndani. Mbavu za chombo huitwa mataruma, nami nashauri ukae nazo kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ndizo zinazoshikilia mbao zote bahari inapopiga. Fundi mwenye kipawa haendi kununua boriti iliyonyooka akaikata ipinde. Anatafuta tawi au mzizi uliokua umepinda tangu uhai wake, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa taruma toka juu hadi chini. Utaliona hilo kwa macho: mistari ya mti inapinda pamoja na ubavu. Ukiona mistari inakatwa na kuishia pembeni, ujue taruma lile lilichongwa kinyume na mti, na siku ya mawimbi linaweza kupasuka hapohapo. Mbambakofi na mvule husifiwa kwa mbao za pembeni, na mvule sisi wa magharibi tunaufahamu. Mkono wako utautambua uzito wake.

Ufundi huu wa Lamu na kijiji chake cha Matondoni una nguvu ambayo haijafungwa na mti peke yake. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa ndara zilizookotwa ufukweni. Mwaka uliofuata lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, umbali wa kilomita 500 hivi, na mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Victoria, likaonekana Kisumu, jirani zetu kabisa. Mkuku, mataruma na mbao, vyote vya plastiki, viliunganishwa kwa mbinu zilezile za babu zao. Ndiyo maana nasisitiza maungio: malighafi inaweza kubadilika, ila kiungo kibovu ni kibovu popote.

Ukiwa bado ndani, fungua ubao wa sakafu utazame ngama, mahali pa chini maji yanapokusanyika. Maji kidogo si aibu. Kila chombo cha mbao hunywa. Aibu ni maji meusi yanayonuka na yenye utelezi wa dizeli juu yake. Uliza ndoo ya kufulia maji iko wapi. Kama inatafutwa, jibu umelipata.

Tanga nalo lina habari zake. Majahazi mengi ya watalii huko Shimoni huenda kwa mashine, na mlingoti umebaki pambo. Hakuna ubaya kwenda kwa mashine siku upepo umekufa, lakini kama umewaahidi wageni safari ya tanga, omba litwekwe ukiwa palepale. Tazama foromali, boriti inayobeba tanga, inavyopanda: henza, kamba ya kuipandishia, ikikimbia bila kukwama, na mabaharia wakivuta kwa pamoja bila kelele nyingi, hao wamezoea. Kitambaa kiwe kimeshonwa mishono miwili, na kona zimeongezwa nguo na kamba, maana tanga huanza kuchanikia kona. Viraka visikutishe. Kiraka kilichoshonwa kwa kukunja pindo kinaonyesha mtu anayetunza. Kilichogandishwa kwa gundi kitang'oka upepo ukikaza.

Nahodha mpime kwa maswali. Muulize: “Nahodha, kesho maji yanapwa saa ngapi?” Anayejua kazi hujibu papo hapo, kwa kuwa anahesabu mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na katika pwani yetu maji hupishana karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, mkondo ukiwa mkali. Siku za nusu mwezi ni maji mafu, tofauti ikishuka hadi mita moja hivi, na bahari hutulia. Kwa familia yenye watoto, maji mafu ndiyo ya kuchagua, na ni jambo unaloweza kulipanga ukiwa bado Kakamega, kabla ya kukata tiketi ya treni. Swali la pili: “Tukirudi, upepo utakuwa unatoka wapi?” Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, na mara nyingi huongezeka mchana. Nahodha mzuri atataka kuondoka mapema, atakuambia wapi italazimu kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na kama hali si nzuri atasema leo hapana hata fedha zako zikiwa mezani. Jina la huyo lihifadhi.

Mwombe pia cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) na idadi ya abiria iliyoandikwa, kisha hesabu jaketi okozi, ukizibana na kuvuta vifungo vyake kimoja kimoja. Za watoto ziwe za watoto, zenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Miwani ya majini haihitaji maneno mengi: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mikono. Ikibaki, inakutosha. Ikianguka, jaribu nyingine. Nywele zisiingie chini ya mpira.

Kuna pambo moja la chombo ambalo huwezi kuliona ufukweni, nalo ni tabia yake juu ya matumbawe. Kisite ina maboya ya kufungia vyombo. Nahodha wa kweli hufunga kwenye boya, au husubiri zamu yake, wala hatupi nanga juu ya matumbawe yaliyokua kwa makumi ya miaka na kuumizwa vibaya na joto la bahari la mwaka 1998. Hawafukuzi pomboo ili mgeni apate picha. Hawatupii samaki mkate.

Wengi wetu wa bara hatujui kuogelea, na wageni wetu vilevile. Hilo halimzuii mtu kuona samaki: jaketi likiwa limefungwa, mrija mdomoni, akishika duara la boya lililofungwa kamba, ataelea na kutazama atakavyo. Lakini sharti awepo baharia majini kabla ya mgeni wa kwanza kushuka, na abaki mpaka wa mwisho apande. Baharia akiwa bado amekaa juu, mwambie ashuke kwanza, ndipo watoto wafuate.