Okwi na Kipimo cha Umbali

Taja jina la Emmanuel Okwi mbele ya wapenzi wa mpira hapa Makindye, nawe utapewa hukumu kabla hujamaliza sentensi yako. Alikuwa na kipaji, watakwambia, lakini hakufika. Ukiuliza hakufika wapi, watakutazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani. Hakufika Ulaya, bila shaka. Na ukiwakumbusha kwamba alifika Denmark mwaka 2015, jibu liko tayari: alifika, akarudi, na kurudi ni kushindwa.

Insha hii inabishana na neno hilo moja, kufika. Mtu aliyecheza ligi za Uganda, Tanzania, Tunisia, Denmark, Misri na Rwanda anaambiwa hakufika popote, na wanaomwambia hivyo wengi wao hawajavuka Mutukula. Nadhani tumekuwa tukimpima kwa kilomita. Mchezaji akienda mbali tunamhesabia amekua, akisogea karibu tunasema ameshuka. Kipimo hicho kingefaa kwa lori la mizigo. Kwa mshambuliaji, tuangalie alifanya nini akiwa na mpira, wapi, na mbele ya nani.

Okwi alizaliwa Kampala tarehe 25 Desemba 1992, siku ya Krismasi, na jina lake linajieleza. Alianza kujulikana akiwa SC Villa, timu ambayo sisi wa Makindye tunaihesabu kama jirani kwa sababu Nsambya imo ndani ya divisheni yetu na Villa wamefanyia mazoezi huko kwa miaka mingi. Villa wanaitwa Jogoo. Jambo hili hunichekesha kila mara: katika mji ambao watu huapa kwamba hawajui Kiswahili, kwamba ni lugha ya askari na wezi, klabu iliyobeba mataji mengi kuliko zote imejipa jina la Kiswahili na hakuna anayelalamika. Huenda Okwi alipokwenda Dar es Salaam mwaka 2010, kijana wa miaka 17, alikuwa tayari na neno moja la kuanzia.

Simba walimchukua akiwa mbichi. Hakuwa mshambuliaji wa kusimama kwenye boksi akisubiri krosi. Alipenda kuanzia pembeni, kumvuta beki mpaka amguse bega, kisha kumkimbia upande ambao beki alikuwa amekwisha kuupa mgongo. Wapo washambuliaji wenye kasi zaidi na wapo wenye nguvu zaidi. Wenye ujasiri wa kupiga shuti wakati kila mtu uwanjani anategemea pasi ni wachache. Tarehe 6 Mei 2012, katika mechi ya kufunga msimu, Simba waliwachapa watani wao Yanga 5-0, na Okwi alifunga mawili. Siku hiyo hata kipa Juma Kaseja alifunga kwa penalti. Mtu wa Kampala anaweza kuona 5-0 kama matokeo tu. Anayewajua Wanajangwani na Wekundu wa Msimbazi anajua kwamba kufungwa hivyo ni jeraha ambalo baba humwonyesha mwanawe. Kijana wa Kiganda wa miaka 19 alikuwa ameingia kwenye kumbukumbu ya nchi nyingine, na hilo kwangu ni kufika, hata kama safari yenyewe ni ya basi.

Kisha ikaja safari ya ndege. Januari 2013 Simba walimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa kiasi kilichotangazwa kuwa dola 300,000. Hapo ndipo msomaji wa magazeti ya michezo ya Dar anapoanza kuchanganyikiwa. Simba walilalamika kwamba hawajalipwa. Okwi mwenyewe alidai mishahara yake haikutolewa, akaondoka. Mambo yakafika FIFA, na FIFA ikamruhusu kuichezea SC Villa kwa muda ili asikae bure wakati kesi inaendelea. Desemba 2013 akasaini Yanga, naam, Yanga ile ile, na shirikisho la Tanzania likasimamisha kwanza usajili wake mpaka FIFA iseme. Agosti 2014, mkataba wa Yanga ukiwa nao umeingia kwenye mgogoro, akarudi Simba.

Tazama vitenzi ambavyo waandishi walivitumia katika miezi hiyo. Okwi alitimka. Okwi alitua. Alimwaga wino, akaibuka, akatokomea, akarejea. Napenda sana Kiswahili cha kurasa za michezo, na sitaki kukisema vibaya, maana nimejifunzia humo maneno ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya darasani. Lakini angalia kilichotokea: kila kitenzi kinamfanya yeye kuwa mtendaji. Yeye ndiye anayetimka, yeye ndiye anayetokomea. Klabu inayodaiwa haina kitenzi. Mshahara usiolipwa hautimki wala hautui, umekaa kimya tu katika aya ya sita. Msomaji anayemaliza habari anabaki na picha ya ndege asiye na kiota, wakati kwa kweli mambo yalikuwa ya mkataba, risiti na barua. Lugha ilimhukumu kabla ya FIFA.

Sisemi kwamba hakuwa na lawama. Sifa ya kuchelewa kurudi kambini baada ya kwenda Kampala ilimfuata kwa miaka, na makocha hawapangi mtu ambaye hawajui kama atakuwepo Jumatatu. Pia mtu anayevaa jezi nyekundu, kisha ya kijani, kisha nyekundu tena, ndani ya miaka miwili, asishangae akikuta pande zote mbili zina kinyongo. Mwanasoka anaishi kwa mkataba, lakini shabiki anaishi kwa kiapo, na Okwi alikuwa mwepesi mno kusahau tofauti hiyo. Hata hivyo tarehe 8 Machi 2015 aliwalipa Simba deni lote kwa mguso mmoja. Kipindi cha pili, mabao hayajapatikana, alimwona kipa wa Yanga, Ally Mustafa aitwaye Barthez, ametoka mbele ya goli lake. Akaupiga mpira kutoka mbali, ukapanda, ukampita kipa kichwani, ukashuka nyavuni. Simba 1, Yanga 0. Wachezaji wengi huona kipa ametoka wakati wanaangalia marudio kwenye televisheni. Yeye aliona pale pale, mabeki wakiwa njiani kumjia.

Bao hilo lilimpeleka Denmark, au angalau lilisaidia. Julai 2015 alisaini mkataba wa miaka 5 na SønderjyskE. Hapa ndipo kijiwe cha Makindye kinapojenga kesi yake yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. SønderjyskE walikuwa na msimu mzuri kuliko matarajio. Walimaliza ligi ya 2015/16 katika nafasi ya pili. Timu inayoshinda haibadilishi washambuliaji. Mechi za ligi alizocheza Okwi kule zinahesabika kwa vidole, na mapema mwaka 2017 walikubaliana kuvunja mkataba. Miaka 5 ikawa chini ya 2. Je, alishindwa? Ndiyo, kwa timu ile na mchezo ule, alishindwa. Sioni haja ya kupaka sukari. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale watu wanaposema kwamba Denmark ilifichua ukweli wake na kwamba yote yaliyotangulia Dar yalikuwa mchezo wa kuigiza.

Kwa nini miezi 18 ya benchi iwe na uzito kuliko miaka ya mabao? Sababu, naamini, haiko kwenye mpira. Sisi Waganda tuna neno kyeyo, ufagio, na tunalitumia kwa kila kazi ya ng'ambo, hata ya daktari. Anayekwenda kyeyo anatarajiwa kubaki huko na kutuma. Akirudi na mkoba mmoja, jirani hawaulizi alijifunza nini. Wanauliza alifukuzwa kwa kosa gani. Tumemwekea Okwi sheria ya kyeyo. Na ukitaka kuona kwamba sheria hiyo inaonea hata wale walioshinda, mkumbuke Majid Musisi, mshambuliaji mwingine wa Villa, aliyekwenda Rennes ya Ufaransa mwaka 1992, akacheza Laval, akaenda Bursaspor ya Uturuki na baadaye Vietnam. Huyo alifika kwa kila kipimo cha kilomita. Alifariki mwaka 2005, na vijana wengi wa rika langu hawawezi kukutajia bao lake hata moja. Wanakutajia Rennes. Tumehifadhi jina la mji, tumepoteza mchezaji.

Sasa tuje kwenye miaka ambayo kijiwe hukimbia kuizungumzia. Juni 2017, baada ya muda mfupi Villa kwa mara ya tatu, Okwi alirudi Simba, nako ikawa mara ya tatu. Simba hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 2012. Tarehe 26 Agosti, mechi ya kwanza ya ligi, waliifunga Ruvu Shooting 7-0, na manne yalikuwa ya Okwi. Siku 5 baadaye alikuwa Namboole akiwa na jezi ya Uganda, kufuzu Kombe la Dunia, mbele ya Misri ya Mohamed Salah. Mechi iliisha 1-0. Bao la Okwi.

Naomba msomaji asipite haraka hapo. Misri hiyo ndiyo iliyokwenda Urusi mwaka 2018. Aliyeifunga hakutoka Ulaya wiki hiyo. Alitoka Dar es Salaam, miguu ikiwa ya moto kwa sababu alikuwa anacheza, anapewa mpira, anaaminiwa. Kama angekuwa bado anavaa koti zito kwenye benchi la Haderslev, tungemwita mchezaji wa Ulaya na huenda tusingelipata bao lile. Msimu huo Simba walitwaa ubingwa na Okwi akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20. Msimu uliofuata, yeye, Meddie Kagere na John Bocco wakiwa mbele, Simba walitetea ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Juni 2019, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, alifunga dhidi ya Kongo, Uganda ikishinda 2-0, ushindi wetu wa kwanza katika mashindano hayo tangu 1978. Akafunga tena dhidi ya Zimbabwe. Tulitolewa na Senegal 1-0, bao la Sadio Mané, lakini tulitoka tukiwa tumesimama.

Mtu huyu ndiye aliyeshindwa?

Baada ya hapo alikwenda Al Ittihad ya Alexandria, kisha mwaka 2021 Kiyovu ya Rwanda. Sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo. Mshambuliaji akipita miaka 28 na miguu iliyoanza kazi akiwa na miaka 16, hadithi yake hupungua mwendo, na hakuna aibu ndani yake.

Jambo hili si la kubishania chai tu. Kila jioni katika viwanja vya vumbi vya divisheni hii wapo wavulana wanaoambiwa na watu wenye simu mbili kwamba Dar ni njia tu, Nairobi ni njia tu, na kwamba mpira wenyewe unaanzia uwanja wa ndege wa Entebbe. Wazazi huuza kibanja kulipia majaribio katika klabu ambayo hawawezi kulitamka jina lake. Mvulana akipata nafasi ya kweli katika ligi ya jirani, yenye uwanja uliojaa, mshahara na mashabiki wanaoelewa anachosema, huiona kama kituo cha kusubiria basi. Anacheza akiwa na mkoba begani. Hukumu tuliyompa Okwi ndiyo tunayowafundishia hao.

Labda mambo yanaanza kubadilika. Khalid Aucho, kiungo wetu wa Cranes, alipita Kenya, Afrika Kusini, Serbia, India na Misri kabla ya kusaini Yanga mwaka 2021. Alitawala katikati ya uwanja wa Dar es Salaam na kubeba ubingwa wa Tanzania, na timu ya taifa iliendelea kumwita. Nimesikiliza sana vijiweni, Kibuye mpaka Nsambya, na bado sijamsikia mtu akisema kwamba Aucho alirudi nyuma.