Kisa cha Bweni na Nafasi Yake Katika Fasihi Yetu

Wenzetu wanaofundisha Kiswahili katika shule za bweni za wavulana hapana shaka watakubaliana nasi kwamba hakuna mada ya insha inayojaza kurasa upesi kama ile ya maisha ya bwenini. Mpe mwanafunzi mada ya faida za kilimo, naye atakuandikia mistari kumi na miwili huku akihesabu maneno. Mpe bweni, naye atakuomba karatasi ya ziada. Sisi tulioko huku Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, tumezisoma insha za namna hii kwa miaka mingi, na aghalabu tumezisoma kama wasahihishaji tu, kalamu nyekundu mkononi. Katika makala haya twakusudia kuzisoma kama wahakiki, maana twaamini kuwa zinastahili.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kisa cha bweni ni fasihi simulizi kabla hakijawa insha. Husimuliwa baada ya taa kuzimwa, kitanda cha juu kikimwambia kitanda cha chini, na kila anayekipokea hukiongeza chumvi. Wahusika wake ni wale wale mwaka nenda mwaka rudi: mwalimu wa zamu na kurunzi yake, askari wa lango anayesinzia, mpishi ambaye maharagwe yake yana fukusi, kaka wa bweni mwenye sauti kubwa, na mgeni wa kidato cha kwanza aliyekuja na sanduku la bati lililojaa karanga na sukari. Matukio nayo hayabadiliki sana. Posho imekuwa mbichi, wavulana watatu wanapenya uzio, wanakwenda barabarani kununua chapati iliyoviringwa na mayai, yaani ile rolex ambayo Uganda nzima yaijua, nao wakirudi mbwa anabweka.

Lakini ufundi umo, na umo mahali ambapo wengi wetu hatujapatazama, yaani katika nafsi. Msimulizi huanza kwa "sisi": tulikubaliana, tulipenya, tulikula. Mara kurunzi inapowaka, nafsi inageuka: walikamatwa, walipelekwa ofisini, waliadhibiwa. Hatuoni kwamba mwanafunzi ametanza sarufi. Amefanya jambo ambalo waandishi wakubwa hulitafuta kwa taabu. Ameonyesha kwa kiambishi kimoja jinsi urafiki wa bwenini unavyovunjika. Tumewahi kukata alama kwa "kosa" hilo, na leo twajuta.

Tukigeukia fasihi andishi twashangaa kuona uhaba. Mbarara ni mji wa shule. Ntare School ilianza mwaka 1956 chini ya Mskoti William Crichton, na Mbarara High School ilikuwa imeitangulia kwa miongo kadhaa. Yoweri Museveni alipita katika zote mbili, na Paul Kagame, mtoto wa wakimbizi kutoka Rwanda, alisoma Ntare. Hata hivyo hatujakutana na riwaya ya Kiswahili iliyoyafanya mabweni ya mji huu kuwa mandhari yake. Huko Tanzania, Euphrase Kezilahabi alisomea Seminari ya Nyegezi, mahali pa wavulana watupu, walakini alipoandika riwaya yake ya kwanza mwaka 1971, Rosa Mistika, aliingia katika shule ya wasichana. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na sisi twadhani sababu mojawapo ni kwamba ilisema kwa sauti yale ambayo walimu hupendelea yabaki nyuma ya mapazia. Bweni la wavulana lilibaki bila mwandishi wake. Yamkini utundu wa mvulana huonekana ni mzaha tu, na kuanguka kwa msichana ndiko msiba unaostahili riwaya. Kama ndivyo, basi mgawanyo huo si wa haki kwa yeyote kati yao.

Kazi iliyotugusa zaidi mintarafu ya jambo hili haikuandikwa kwa Kiswahili. Ni kumbukumbu za Ngũgĩ wa Thiong'o, In the House of the Interpreter, zilizotoka mwaka 2012, zinazosimulia miaka yake katika shule ya Alliance nchini Kenya kuanzia 1955, chini ya mwalimu mkuu Edward Carey Francis. Katika visa vya wanafunzi wetu uzio ni adui. Nje ndiko kwenye uhuru na chapati. Kwa Ngũgĩ mambo yamepinduka. Anarudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza na kukuta kijiji chao hakipo tena, watu wamehamishwa kwa amri ya wakoloni. Shule ndiyo kimbilio, na nje ndiko kwenye hatari. Tulipokisoma kitabu hicho tulimkumbuka mwanafunzi mmoja, ambaye tutamrudia hivi punde.

Kuna suala la lugha, na hapa twaomba uvumilivu wa wenzetu wa pwani. Huku magharibi ya Uganda Kiswahili hakikuingia kwa mashairi. Kiliingia na jeshi na polisi, na wazee wengi bado hukiita lugha ya askari na wezi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukiongezea marafiki. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini kabla ya maamuzi hayo wavulana wa bwenini walikuwa wamekwisha kukipa kazi: ndiyo lugha ya kupangia utoro. Mwalimu wa zamu anajua Kinyankole na Kiingereza. Basi mipango hufanywa kwa Kiswahili. Nasi walimu wa Kiswahili tumejikuta, bila kutaka, tukiwafundisha wanafunzi lugha ya siri na papo hapo tukiwa watu pekee tunaoielewa siri yenyewe!

Walimu wa kweli wa lugha hiyo bwenini si sisi. Ni wavulana wanaotoka Nakivale, yale makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, ambayo sasa yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Mvulana aliyezaliwa Kivu huja na Kiswahili chake kamili, chenye "batoto" mahali pa watoto na "bitabu" mahali pa vitabu. Katika insha, usimulizi wake wapaswa kusahihishwa, maana mtihani ni wa Kiswahili sanifu nasi hatuwezi kumdanganya. Lakini mazungumzo ya wahusika ni jambo jingine. Kijana wa Kivu anayesema ndani ya alama za mtajo kama mtu wa Unguja ni mhusika aliyekufa, na aliyemwua ni mwalimu.

Sasa tumrudie yule mwanafunzi. Alitoka Nakivale, na insha yake ilihusu usiku aliotoroka. Wenzake walipoisikia ikisomwa darasani walicheka tangu mstari wa kwanza, kwani walidhani wameshakijua kisa. Uzio ulikuwapo, mbwa alikuwapo. Ila huyu hakwenda kutafuta chapati. Alikuwa amesikia kwamba mgao wa chakula wa familia yao umepunguzwa, akataka kumpelekea mama yake sukari na sabuni alivyoviweka akiba muhula mzima. Kutoka Ruti hadi Nakivale si mwendo wa kwenda kwa miguu usiku mmoja. Alikamatwa kabla ya mapambazuko, na sabuni ikahesabiwa kuwa ya wizi. Kicheko cha darasa hakikuzimika mara moja. Kilipungua kidogo kidogo, jinsi taa ya mafuta inavyopungua. Na nafsi yake haikugeuka: alianza kwa "mimi" akamaliza kwa "mimi".

Insha hiyo ilituonyesha udhaifu mkubwa wa kisa cha bweni kwa jumla: mnyonge hapewi usimulizi. Mgeni anayenyang'anywa karanga zake ni kichekesho tu. Thomas Hughes, katika Tom Brown's School Days ya mwaka 1857, pamoja na mahubiri yake yanayochosha, alimweka msomaji upande wa mtoto anayebanwa mbele ya moto na Flashman, nasi twauhisi ule moto. Wanafunzi wetu hutuweka upande wa Flashman na kutuomba tucheke. Fimbo nayo imekuwa mapambo ya kuhitimishia hadithi, ingawa sheria ya watoto ya mwaka 2016 imekwisha kuiondoa mashuleni.

Hili si suala la fani peke yake. Mnamo Machi 2001 huko Kyanguli, karibu na Machakos, wavulana 67 waliungua bwenini, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo, na wanafunzi wenzao wawili wakashtakiwa. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto bwenini huko Endarasha, Nyeri. Chanzo cha moto si lazima kiwe kimoja, lakini vitanda vilivyosongamana ni vile vile. Insha za migomo na za kuchoma magodoro hutufikia zikiwa na mzaha ule ule wa insha za chapati. Mwandishi chipukizi asiyejua kubadili sauti pale jambo linapobadilika uzito bado hajajifunza kazi, na ni juu yetu kumwambia hivyo pambizoni, kwa maneno, si kwa alama peke yake.

Insha ya yule wa Nakivale tuliipa alama kumi na tatu juu ya ishirini. Tulimkata mbili kwa tahajia, moja kwa mwandiko, na nne kwa sababu mama, katika mstari wa mwisho, aliuliza habari za "batoto" wengine.